Meno ya Plastiki Nusura Yaniulie Mjukuu

Naandika haraka kwa simu hapa kundini, herufi zikiruka msinicheke.

Mjukuu wangu mchanga ana homa na anaharisha. Jirani yangu Mama Neema, anayeniita Koko, yaani bibi, akamfunua mdomo.
"Koko, haya meupe kwenye fizi ni meno ya plastiki. Yasipotolewa mtoto anakufa."
Nikaogopa. Nani asingeogopa?

Nikambeba mpaka kwa yule mama anayeyatoa, huku Ngaramtoni.
"Mshike kichwa asitikisike," akaniambia.
Nikashika. Mimi bibi yake, kwa mikono hii!
Akatoa spoku ya baiskeli, akaifuta kwenye kanga.
Ile kanga ilikuwa na damu mbichi ya mtoto wa watu.

Nilimnyakua mjukuu nikatoka mbio. Kandambili moja imebaki kule, aivae yeye.

Zahanati nesi alinifokea, hata shikamoo alisahau.
"Koko, hayo ni meno yake mwenyewe, hayajatoka tu! Yakichimbuliwa, mtoto anavuja damu. Kinachomuua huyu ni kuishiwa maji mwilini!"

Sasa ana dripu. Macho yamezama, na hajalia tangu tufike. Huyu anayelia hata akipigwa na upepo!

Nyie mnaosema "mbona wetu walitolewa wakapona", njooni mumtazame. Nani kati yenu alimpeleka wake kwenye spoku? Semeni hapa, msijifiche.

Mama yake yuko njiani anatoka kazini. Nimemwambia ni homa. Habari ya spoku ataisoma hapa, maana nikimtazama usoni nitashindwa.