Argoni na Maziwa ya Masanja

Nakumbuka asubuhi moja pale Kirumba, mwanangu, ambayo mpaka leo ikinijia naacha chai ipoe. Nilikuwa kijana, fundi wa kuchomelea, na tulikuwa tunatengeneza tangi la stenlesi, chuma kisichoshika kutu, la kiwanda cha samaki, refu kuliko mtu, lenye tundu la kuingilia juu na jukwaa la mbao la kusimamia pembeni.

Stenlesi ikiwa ya moto, oksijeni huirukia na kuiharibu. Ndiyo maana tulijaza gesi ya argoni ndani ya tangi, iifukuze hewa. Argoni ni moja ya zile gesi adimu, ukoo mmoja na heliamu ya maputo ya harusi na neoni ya taa za mabango. Atomu zake zimeshatosheka na elektroni zake za nje: hazikopi, hazitoi, hazishirikiani na mtu. Wataalamu wameweza kuilazimisha zenoni iungane na florini, lakini argoni yetu ya karakana haikushikana na chochote. Haiungui, haina rangi, haina harufu. Sisi vijana tukaiona mpole.

Halafu tulikuwa na maziwa. Unawajua mafundi wetu, wakishakunywa maziwa wanaamini kifua kimeoshwa na hakuna kitakachowadhuru. Na pua zetu tuliziamini mno, kwa sababu gesi ya kabaidi, ile tuliyozoea kuchomelea, ikivuja unaisikia harufu hapo hapo.

Rafiki yangu Masanja alimaliza maziwa yake, akafuta mdomo, akainusa hewa ya tunduni. "Hamna kitu humu," akasema, akashuka kwenda kukagua maungio ya chini. Mpira wa gesi tulikuwa tumeshaufunga. Alikuwa ananitania juu ya mchumba wangu wa Kisesa, akainama kuokota brashi, na utani ukakatika katikati ya neno. Nikachungulia nikiwa bado nacheka. Masanja amelala sakafuni mwa tangi, kimya. Hata kukohoa hakukohoa.

Mwanangu, nilishtuka mpaka masikio yakaziba. Nikaingiza mguu tunduni nimfuate. Mzee Kanji, mwenye karakana, akanidaka mkanda kwa nyuma, akanivuta nikaanguka chali, akaniongeza na kofi la shavu.

"Wewe! Mama yako nikamwambie nini? Ukiingia unabaki humo humo! Njooni wote, lazeni tangi!"

Tukalisukuma likalala. Argoni ni nzito kuliko hewa, ikamwagika nje bila sisi kuiona, na mzee akaelekeza ndani mpira wa kompresa, mashine ya kupuliza hewa. Tukamvuta Masanja kwa miguu. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, tone la maziwa bado liko kidevuni. Mzee Kanji akampulizia pumzi mdomoni, tena na tena, sisi tukilia wazi wazi, mpaka kifua kikainuka chenyewe.

Masanja akafungua macho, akatukasirikia. "Mbona mmenilaza? Brashi yangu iko wapi?"

Hakujua kama alianguka. Hakusikia kubanwa wala kizunguzungu. Hilo lilinitisha kuliko kumwona amelala, na bado linanitisha, kwamba mtu anaweza kuondoka duniani akiwa katikati ya utani na mwili wake usimwambie kitu.

Nikabisha kijinga: "Lakini mzee, argoni si sumu."

"Nani kasema sumu? Imekaa mahali pa hewa yako. Inatosha."

Sasa mama yako ananiambia Jumatatu unaanza kazi ya kuchomelea kule Buswelu, na ameshakununulia maziwa. Yanywe, ni matamu, lakini hayatakulinda na kitu. Kitu kisichokudhuru kwa kukugusa kinaweza kukuua kwa kuchukua nafasi ya unachokihitaji. Usiingie tangini kabla halijapulizwa hewa ya kutosha. Usiingie bila mtu nje. Na mwenzako akianguka, usimrukie, hata kama moyo unakupasuka. Mpelekee hewa kwanza.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie pumzi ndefu, na akuwekee pale juu ya tundu mtu mwenye mkono mzito kama wa Mzee Kanji. Shavu hili bado linamshukuru.