Mgongo Niliousingizia

Nilipotolewa tezi dume, kanisani niliwaambia nimefanyiwa upasuaji wa mgongo. Mke wangu alinitazama tu. "Haya mzee, utajionea."

Mpira wa mkojo ulipotolewa nikaanza kuvuja. Nikikohoa, navuja. Nikiinuka kitini, navuja. Mimi, niliyewabadilisha nepi wazee wa watu miaka kumi na minne kazini hapa Brooklyn Park, Marekani, nikiwaambia, "Usijali, ni kawaida." Kawaida gani! Ilikuwa aibu tupu, na niliapa mwanamume mwenzangu hatajua.

Mtaalamu wa mazoezi, binti wa rika la mwanangu, alinifundisha bila kupepesa macho. Bana kana kwamba unazuia mkojo na upepo pamoja, hesabu hadi tano, achia. Usizuie pumzi. Ubane kabla hujainuka, si baada. Na chai upunguze, inachokoza kibofu.

Sasa, Mkenya gani huenda kumjulia mgonjwa hali bila thamosi? Wanaume wanne wa kanisa walikuja Jumatatu asubuhi, wametoka shifti ya usiku, na thamosi mbili za chai ya maziwa. Mgongo haukatazwi chai, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Nikanywa, nikaongezewa. Huku nabana, naachia, naitikia habari za theluji na ovataimu.

Kisha mwenyekiti wao akasema, "Tusimame tumwombee ndugu yetu huo mgongo." Wakaniinua kwa kwapa kabla sijabana. Wakanikandamiza mgongo wangu mzima na kuomba kwa bidii, kila mmoja zamu yake. Pedi niliyovaa ilishindwa kwenye maombi ya pili. Walipofumbua macho, suruali yangu ya kijivu ilikuwa imelowa hadi magotini.



"Si mgongo," nikasema. "Ni tezi dume. Niliwadanganya." Nilikuwa na hasira, zaidi na mimi mwenyewe.

Watatu wakakimbilia kukusanya vikombe. Mwenyekiti alibaki akilitazama zulia.

"Mimi niliambiwa nirudi kwa vipimo zaidi," akasema polepole. "Tangu mwaka jana. Mke wangu nilimwambia ni presha."

"Na hukurudi?"

"Sikurudi."

Nilimpigia daktari wangu simu palepale, nikamwekea mwenyekiti sikioni. Alipokwisha kupewa siku ya kwenda, ndipo nikaenda kubadilisha suruali.