Teresia Alivyopona Kwenye Karatasi

Wifi yangu Teresia alipona Alhamisi moja ya mwaka 1994, kwenye karatasi. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemtoa kitandani kwa kumvuta miguu.

Tangu kaka yangu Njue afariki, mke wake huyu alikuwa hali, halali, na mlango ukigongwa anatetemeka. Kitu kimoja tu kilimtoa kijijini kwetu Kibugu: kikundi cha Alhamisi hospitalini Embu, wanawake sita na Sista Lorna, muuguzi anayejua kusikiliza. Siku hiyo Sista aliwapa fomu ya kupima vile watu wenye huzuni na wasiwasi wanavyokabiliana na shida. Unajilaumu? Unajificha watu wasikuone? Jibu: kamwe, mara chache, mara nyingi.

Sasa Teresia ni mchumaji wa chai. Kwenye kituo cha kuuzia majani, kabla karani wa kuyakagua hajafika, yeye humwaga majani mezani na kutoa magumu yote, asije akarudishiwa kikapu. Basi fomu nayo akaichambua vivyo hivyo. Unalia? Kamwe. Unajificha? Kamwe.

"Yangu imepita yote," akaniambia, ati kwa fahari!

Wiki iliyofuata akaambiwa amepona, nafasi yake apewe mwingine. Akalala siku tatu akitazama ukuta. Niliogopa, sikufichi. Na mimi nikiogopa hupiga kelele, kwa hivyo nilimkokota hadi kwa Sista Lorna huku nikimwita mjinga kila kona.

"Sista, huyu amekudanganya!" nikasema kabla hata ya salamu. "Huyu analia hata akimenya viazi!"

"Mama, kaa chini. Nitamuuliza mwenyewe." Akachukua fomu mpya. "Teresia, ukizidiwa unafanya nini?"

Teresia akainama, akavuta uzi wa leso yake weee, mpaka nikataka kumjibia.

"Nalala," akasema. "Nalia. Mara nyingi."

Haki nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Sista akaandika.

"Halafu?"

"Halafu huyu anakuja kunigombeza, naamka." Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikaona meno yake. "Akimaliza, anaenda jikoni kwangu kumlilia kaka yake. Anasema ni moshi."

"Uongo!" nikasema. "Kuni zake ni mbichi!"

Sista Lorna akalirudisha jina la Teresia kwenye daftari la Alhamisi. Kisha akatoa fomu nyingine, akaniuliza naitwa nani.