Kitovu cha Kato kilizama, nikaambiwa baba ni mimi

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, kitovu cha mtoto Kato kilizama mbele ya watu kumi na wanane.

Saa nne na dakika ishirini na tatu nikawa mtuhumiwa.

Wakuu, nawasalimu nyote. Nitaandika niliyoyaona na kuyasikia tu. Pale nisipokuwa na uhakika nitasema sina. Chumvi sitatia, maana habari yenyewe haikunipa sifa yoyote.

Mimi ni Mkenya, mtu wa Bungoma, umri miaka hamsini na mmoja. Ni fundi wa mizani hapa Wandegeya, Kampala, mwaka wa kumi na saba sasa. Shule niliishia darasa la nane. Mengine nimeyaokota kwenye vitabu vya wanafunzi wa chuo, ambao wakimaliza mitihani huviuza kwa bei ya maandazi.

Jirani yangu wa duka ni Mganda mwenye mashine za kuchapisha. Tangu mkewe ajifungue mapacha, jina lake la zamani limekufa. Huku baba wa mapacha ni Ssalongo na mama ni Nalongo, na ukisahau unarekebishwa hapo hapo. Watoto ni wavulana. Wa kwanza Wasswa, wa pili Kato.

Sasa kosa langu.

Kila Jumamosi nilikuwa nabeba mizani hadi nyumbani kwa Ssalongo, nawapima wale watoto uzito. Hakuna aliyenituma. Kuna mteja aliniletea mizani ya watoto wachanga nikaitengeneza, hakurudi kuichukua, nikaona ni dhambi kifaa sahihi namna ile kukaa bure. Nikachora grafu mbili, nikazibandika ukutani sebuleni kwao.

Mwanaume mzima anapima watoto wa mwenzake kila wiki. Mimi niliona ni elimu. Shangazi yake Ssalongo aliona kitu kingine.

Tuje kwenye mila, kwa wasioijua.

Kwa Waganda wanaoshika ya wazee, mama hutunza kile kipande cha kitovu kinachokauka na kudondoka. Siku ya kumwingiza mtoto kwenye ukoo kinapakwa samli, kisha kinatumbukizwa kwenye beseni la maji, maziwa na pombe ya ndizi. Kikielea, mtoto ni wa ukoo. Kikizama, mama ana maswali ya kujibu.

Shughuli ilikuwa Mengo, kwa mama mzazi wa Ssalongo, ambaye sote tunamwita Jjajja, yaani bibi. Mwendeshaji alikuwa Ssenga, yaani shangazi wa upande wa baba. Marehemu mume wa Jjajja alikuwa kaka yake. Ssenga ni mama mwenye sauti ya kufungulia mkutano bila spika.

Cha Wasswa kikaelea. Vigelegele.

Cha Kato kikakaa juu kidogo, kikainama upande mmoja, kisha kikashuka taratibu kama mtu anayeteremka ngazi gizani.

Ssenga akasema, "Mmoja wetu. Mmoja si wetu." Kisha akanitazama mimi, Mkenya pekee uani. "Fundi, hebu geuka kidogo."

Nikageuka. Sijui kwa nini niligeuka.

"Mmeona maskio?"

Watu wakaona masikio. Nakubali, masikio yangu ni makubwa.

"Banange, jamani!" akasema mama mmoja. "Hii mtoto iko na maskio ya fundi kabisa!"

Nalongo akasimama. "Kati ya Wasswa na Kato ilikuwa dakika kumi na mbili. Huyo mwanaume wa pili aliingia saa ngapi?"

Hapa nilitaka kumrekebisha. Mapacha wenye baba wawili wamewahi kupatikana, ila ni nadra mno, na kinachohesabiwa ni siku za kushika mimba, si dakika za kuzaliwa. Nashukuru Mungu nilinyamaza.

Ssalongo akanivuta pembeni. Macho mekundu.

"Fundi, niambie ukweli. Ulikuwa unapima nini nyumbani kwangu?"

"Uzito."

"Wa nani?"

"Wa watoto. Jumamosi iliyopita Kato alikuwa kilo tano na gramu mia sita na..."

"Usinitajie gramu!"

Uamuzi ukatolewa. Nalongo amchukue Kato warudi kwao Masaka jioni ile ile, Wasswa abaki. Mtu akatumwa kuita gari. Nalongo alikuwa ameanza kukunja nguo ndogo ndogo kwenye begi, anatenganisha za huyu na za yule, na zote zilikuwa zinafanana.

Pale ndipo nilipoacha kuogopa masikio yangu.

Wakuu, niweke pumziko kidogo. Kuna maneno mitaani kwamba nusu ya watoto wa mjini si wa baba zao. Nimeitafuta hiyo nusu miaka mingi. Hesabu kubwa za namna hiyo hutoka kwa wanaume waliokwenda maabara kwa sababu tayari walikuwa na shaka. Ni sawa na mimi niseme mizani zote za Kampala ni mbovu kwa sababu zote zinazoletwa dukani kwangu ni mbovu. Tafiti nilizosoma za watu wa kawaida zinatoa asilimia ndogo tu. Yapo, lakini si nusu.

Na lile la mtoto kutofanana na baba ni hivyo hivyo. Mtu akishaambiwa atafute masikio, atayapata.

Turudi Mengo.

Nikaomba ruhusa ya swali moja. Ssenga akasema, "Uliza, halafu utoke."

"Kato ni yupi?"

Watoto walikuwa wamelala mkekani, wameogeshwa, uzi mwekundu wa kumtambulisha Kato umevuliwa mkononi wakati wa kuoga. Ssenga hakusita. Akanyoosha kidole. "Huyu wa maskio!" Watu wote wakakubaliana naye.

Nalongo akapiga magoti, akamgeuza yule mtoto, akatazama nyuma ya goti. Kato ana alama nyeusi pale.

Haikuwepo.

"Huyu ni Wasswa," akasema.

Nilijiona nimeshinda. Nikaanza kueleza kwamba mkunga aliona kondo la nyuma moja, jambo ambalo si uthibitisho kamili, lakini kama ni pacha wa yai moja basi haiwezekani kabisa...

Ssenga akanikata. "Kumbe! Basi zote mbili ni zake!"

Nikawa nimeongezewa mtoto wa pili, tena na ushahidi nimeuleta mwenyewe.

Ssalongo akakaa chini kwenye ngazi. "Jumatatu tunaenda DNA," akasema. Alishaulizia bei tangu watoto wazaliwe, kwa udadisi tu, alidai. Nalongo akaanza kukunja na nguo za Wasswa.

Nikajaribu mara ya mwisho, kwa lugha ya kazi yangu. Nikasema, "Ssenga, mama yangu, mimi siwezi kumfunga mfanyabiashara kwa mizani ambayo haijahakikiwa. Kwanza naweka jiwe ninalolijua uzito wake. Je, hapa nyumbani kuna kitovu cha mtu ambaye baba yake hana shaka?"

Ssenga akacheka kwa dharau. "Ya Ssalongo mwenyewe iko! Jjajja anaiweka kwa mkebe."

Jjajja, ambaye hakuwa amesema neno asubuhi nzima, akasema, "Hiyo ni ya zamani. Iacheni ilale."

"Ilete, tumalize huyu Mkenya!"

Mkebe ukaletwa. Niliomba jambo moja tu: kipakwe samli kiasi kile kile kilichopakwa cha Kato. Maana nilikuwa nimeona. Ssenga alikipaka cha Wasswa kwa kiganja, na cha Kato kikapata makombo ya chini ya kopo.

Ssenga akakwangua kopo, akapaka, akatumbukiza.

Kitovu cha Ssalongo hakikuteremka ngazi. Kilianguka kama ufunguo.

Ssenga akainua kichwa polepole, akamgeukia wifi yake.

Jjajja akamuuliza, "Unaniangalia nini?"

"Naangalia beseni."

"Angalia vizuri. Huyu mtoto wangu ana pua ya kaka yako, ana uvivu wa kaka yako, na akilala anakoroma kama kaka yako. Leo unaniambia nini?"

"Sijasema kitu, wifi."

"Fundi!"

"Naam, Jjajja."

"Kopo la samli linauzwa wapi hapa?"

"Barabarani, Jjajja."

"Lete mawili."

Nilikimbia. Niliporudi, Jjajja alikunja mikono ya gomesi, lile gauni refu la Kiganda, akapaka vile vitovu vitatu mwenyewe kama anayekandika ukuta. Akavitumbukiza. Vyote vikaelea. Nina hakika hata msumari ungeelea.

"Wote wetu," Jjajja akatangaza. Kisha akamgeukia Ssenga. "Na cha kwako kiko wapi tukipime?"

"Changu kilipotea," akajibu Ssenga, haraka sana, na yeye ndiye aliyeanza vigelegele.

Gari la Masaka lilipofika, dereva alipewa chakula akaondoka. Ssalongo alimfuata mkewe chumbani. Sikusikia walichosema, ila alitoka na begi, akalifungua mbele yetu, akaanza kupanga nguo za watoto kwa mikono yake mwenyewe, vibaya. Kuhusu DNA aliniambia, "Fundi, nikianza kupima, itabidi nimfukue na marehemu mzee wangu."

Funzo, kwa kadiri nilivyolipata. Sikuthibitisha kwamba Kato ni mtoto wa Ssalongo. Nilithibitisha kwamba beseni halijui baba wa mtu, linajua samli. Mwenye shaka ya kweli maabara zipo, aende, lakini kwanza ajiulize shaka hiyo imetoka kwa mkewe au kwa shangazi yake. La pili, usitangulie na hoja ya masikio kabla hujaifikisha mwisho kichwani.

Wenye vipimo vya namna hii kwenu, hasa ndugu wa Kongo na wa kwetu Bungoma, viwekeni hapa tuvichambue bila matusi. Ukiweka, taja na kiasi cha samli.

Jjajja alinitoza faini, jogoo mmoja na leso, kwa kufukua mambo yaliyolala. Nililipa bila kukata rufaa. Jogoo 45,000, leso 18,000, samli makopo mawili 24,000, bodaboda kwenda na kurudi 9,000. Jumla niliyopoteza ni shilingi za Uganda elfu tisini na sita.