Udongo Uliotoa Povu

Chumba changu cha kazi kilikuwa nyuma ya ghala la pembejeo, Biharamulo mjini. Ndani mlikuwa na meza mbili, rafu ya chupa za kemikali, mizani ndogo niliyoifunika kwa kitambaa ili vumbi lisiiharibu, na mashine ya kusomea rangi ambayo niliitunza kuliko simu yangu. Watu waliopita nje walikuwa wakichungulia na kuuliza kama ni zahanati. Nilikuwa nawajibu kwamba ndiyo, ni zahanati ya udongo, ingieni.

Mimi ni mzaliwa wa Kibimba, wilaya ya Ngara. Nyumbani tunasema Kihangaza, tunakula ndizi na maharage, na udongo wetu ni mwekundu na mchachu. Hata chuoni nilifundishwa zaidi udongo wa namna hiyo. Kwa hiyo nilipoajiriwa kuwa fundi wa maabara, nilikuja na kipimo kimoja cha fosforasi, nacho nilikijua vizuri. Unachukua udongo mkavu uliochekechwa, unautikisa ndani ya maji yenye tindikali, unachuja, kisha unatia dawa na maji yanageuka bluu. Bluu ikikolea, mmea una fosforasi ya kujengea mizizi. Ikipauka, unamwambia mkulima atie mbolea ya kupandia.

Mwaka wa pili kazini alikuja mama mmoja wa Kisukuma, mwenye umri kama wa mama yangu mzazi. Familia yake ilihamia kutoka Shinyanga na ng'ombe wao wakati watoto wake wakiwa wadogo, wakafungua mashamba upande wa tambarare, ambako mvua huchelewa kuanza na hukatika mapema. Alikuwa amebeba ndoo yenye mifuko mitatu ya udongo.

"Shikamoo mama," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye unayepima udongo?"

"Ndiye mimi."

Alinitazama kidogo, nadhani alitegemea mtu mzima zaidi. Kisha akaniambia alivyochimba: sehemu nyingi za shamba, akachanganya kwenye ndoo, akaanika kivulini. Alikuwa amefuata maelekezo ya redio neno kwa neno. Maafisa ugani wachache tu waliwahi kuniletea sampuli safi kama zile.

Nilipima. Bluu ilikolea mpaka nikaita watu wa ghalani waje kuona. Mama aliporudi kuchukua majibu nilimwandikia karatasi yenye muhuri: fosforasi ya kutosha.

"Nilikuwa nataka kutia mbolea msimu huu," alisema.

"Usijisumbue, mama. Shamba lako limeshiba."

Alikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaenda zake.

Wiki tano baada ya mvua za kwanza aliingia tena, safari hii bila salamu ndefu. Alikuwa na mche wa mahindi aliong'oa na mizizi yake, ameuviringisha kwenye gunia bichi. Aliulaza juu ya meza yangu, karibu kabisa na mizani. Ulikuwa mfupi, mwembamba kama unyasi. Majani ya chini yalikuwa ya zambarau kuanzia kwenye ncha, na mizizi ilikuwa michache, unaweza kuihesabu.

"Mtaalamu," aliniambia, "huu ndio ulioshiba?"

Rangi ile niliijua toka chuoni. Ni rangi ya mmea unaokosa fosforasi. Mkuu wangu wa kazi, aliyekuwa chumba cha pili, alikuja akautazama mche akasema ni ukame tu, mvua zilikuwa zimesimama siku kumi.

"Jirani yangu naye hajapata mvua," mama alisema kwa upole. "Yeye analima kule juu, kwenye udongo mwekundu, na mahindi yake ni ya kijani. Halafu ndani ya shamba langu mwenyewe kuna mahali palipokuwa na lundo la samadi. Pale napo ni kijani. Mvua iliruka wapi ikanyesha wapi?"

Nilijua kwamba jibu la swali lile haliko ofisini. Nilibeba koleo, mifuko na kichupa cha tindikali, tukapanda pikipiki mbili kwenda kwake.

Shamba lilikuwa kama alivyosema. Zambarau tupu, na katikati kiduara cha mahindi ya kijani yanayonipita magoti, mahali pa lile lundo. Nilichimba. Udongo ulikuwa wa kijivu kilichokolea, na kadiri nilivyoshuka nilikuta chembe nyeupe, ngumu, kama punje za mchele uliovunjika.

"Kwetu Shinyanga udongo wa hivi tunauita ibushi," alisema mama, amesimama juu yangu mikono kiunoni. "Nilichagua shamba hili kwa sababu niliufahamu. Unashika maji. Lakini bila samadi haukupi kitu."

Nilichukua donge moja, nikalidondoshea tindikali. Likatoa povu. Lilichemka kwenye kiganja changu likitoa sauti ndogo, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Nilidondoshea la pili, likatoa povu pia.

Ilikuwa chokaa. Nilikaa chini palepale kwenye tuta, maana nilikuwa nimeelewa nilichokifanya. Katika udongo wa chokaa, fosforasi hukamatwa na chokaa na mzizi hauwezi kuivuta. Tindikali yangu ilikuwa na nguvu kuliko mzizi wa mahindi: iliyeyusha ile chokaa, ikatoa fosforasi yote iliyofungwa humo, na mashine ikaisoma kana kwamba ni chakula kilichopo mezani. Kipimo kinachofaa Kibimba nilikuwa nimekipeleka kwenye udongo wa nchi kame.

"Vipi, mwanangu? Umeumwa na kitu?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Nipe siku chache. Halafu nitakuja kukuambia."

Niliporudi ofisini mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Huku Kagera hakuna udongo wa chokaa. Huku kote ni mchachu."

Sikubishana. Nilichukua kisosi chake cha chai, nikaweka kipande cha udongo, nikadondoshea tindikali mbele yake. Povu lilipanda. Alilitazama mpaka likaisha. "Rudia kipimo," alisema. "Na kisosi ukioshe."

Kwenye daftari langu la chuo kulikuwa na ukurasa mmoja tu kuhusu udongo wa nchi kame. Tulifundishwa ule ukurasa siku moja alasiri, na mwalimu alisema huenda tusiuhitaji kamwe. Badala ya tindikali unatumia maji ya bikaboneti ya sodiamu, dawa ya jamii ya ile ya kuumulia maandazi. Yenyewe haiyeyushi chokaa. Inachukua kiasi kinachokaribiana na kile ambacho mzizi ungeweza kupata.

Ukurasa ulikuwa mfupi, kazi ikawa ndefu. Mara ya kwanza nilikosea uchachu wa yale maji, nikayamwaga. Mara ya pili udongo uliyatia maji rangi ya chai, sikuweza kuona bluu yoyote, ikabidi nitafute unga wa mkaa wa maabara wa kuyasafishia. Mara ya tatu hata chupa isiyo na udongo iligeuka bluu, nikagundua kwamba nilikuwa nimeosha vyombo kwa sabuni yenye fosfeti. Niliosha kila kitu upya kwa tindikali na maji safi. Watu wa ghalani walikuwa wakipita na kuniuliza kama nimelala huko.

Siku ya nne majibu yalitoka. Niliziweka chupa dirishani kwenye karatasi nyeupe. Mifuko mitatu ya shamba ilitoa bluu hafifu sana, unaweza kudhani ni maji matupu. Udongo niliouchota pale palipokuwa na lundo la samadi ulitoa bluu ya sare ya shule. Nilirudia yote tangu mwanzo. Yakatoka yaleyale. Niliita mkuu. Alisimama mbele ya dirisha, akainua chupa moja moja, halafu akanipa mkono, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Lakini ilibaki safari ya kwenda kumwambia mama. Angeweza kupokea majibu mapya kwenye karatasi na mambo yakaisha, ila kulikuwa na wakulima wengine wa tambarare ile niliowapa majibu ya tindikali. Niliomba kikundi chao kikutane. Walikuja kwenye darasa la shule ya msingi, wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu.

Nilisimama nikasema, "Kabla ya mvua niliwaambia mashamba yenu yana fosforasi ya kutosha. Nilikosea. Kipimo nilichotumia si cha udongo wenu."

Mzee mmoja alikohoa. Halafu mama yule akainuka.

"Daktari wa ng'ombe alinikosea mara moja nikazika fahali," alisema. "Hakurudi hata kusema pole. Huyu amerudi. Haya, mwanangu, tuambie tufanye nini."

Walicheka, na mimi nikacheka, ingawa macho yalikuwa yameshajaa machozi.

Msimu uliofuata tuligawa kipande cha shamba lake kwa mistari. Mmoja bila kitu, mmoja samadi peke yake, mmoja mbolea ya kupandia ndani ya shimo karibu na mbegu, na mmoja mbolea pamoja na samadi. Mvua zilikuwa za kawaida yake, za kusuasua. Mstari usio na kitu uligeuka zambarau tena. Ule wa mwisho uliwahi kutoa mbelewele, mashina yakawa manene, na mahindi yakajaa punje mpaka kwenye ncha. Mama alifyeka njia katikati ili wageni wapite, na wageni walikuja kila siku ya gulio. Hakunisubiri niwaeleze, alieleza mwenyewe.

Ofisini, kila sampuli inayoingia sasa hudondoshewa tindikali kwanza. Ikitoa povu inakwenda kwenye bikaboneti. Maelekezo hayo yamebandikwa ukutani kwa mwandiko wangu.

Baadaye niliitwa Ngara kuwafundisha maafisa ugani kipimo hicho. Niliomba mama aje nami. Ukumbini nilionyesha chupa na mashine, nikaeleza chokaa na fosforasi, na wakaandika. Kisha alipanda yeye jukwaani na Kiswahili chake cha Kisukuma, akawaambia, "Ninyi mnapenda kuuliza udongo ofisini. Kwanza kauangalieni shambani, mumuulize na mwenye nao." Walimpigia makofi zaidi yangu, na sikuona wivu hata kidogo. Nilikuwa naona fahari ya aina ambayo sijawahi kuipata kwa cheti.

Kesho yake aliomba kuona maporomoko ya Rusumo kabla ya kurudi. Tulisimama kando ya barabara, malori yakisubiri forodha, maji yakinguruma chini. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza parachichi alimuuliza kama mimi ni binti yake.

"Huyu? Ni mtaalamu wetu wa udongo," mama alijibu, kwa sauti ya kuwafikia hata madereva. Kisha akachagua parachichi mbili kubwa, moja akanipa mimi.