Jina la Bibi Kwenye Kitabu cha Ubatizo

Mimi nina wivu. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nimeandika haya kwa moyo mweupe. Nikiwa mdogo niliwaonea wivu watoto wenye viatu, nikiwa mwalimu nikawaonea wivu wenzangu waliopewa darasa la saba, na nilipostaafu nikafikiri sasa nimekuwa mtu mzima, yamekwisha. Wapi.

Kanisa letu la Anglikana liko mlimani, juu ya mji wa Moshi, na huku sisi ni wachache. Ukishuka kidogo ni Walutheri. Ukienda upande wa Kilema ni Wakatoliki, wenye misheni ya siku nyingi. Sisi tumo katikati kama mahindi machache kwenye sufuria ya maharage. Mwaka ule nilipochaguliwa katibu wa parishi nilikwenda Kilema kwenye mazishi, na mtu mmoja wa kule, kwa wema wake tu, akanionyesha kabati la vitabu vya kumbukumbu. Lilikuwa na milango ya kioo, na kila kitabu kilikuwa na namba mgongoni. Nilirudi nyumbani nimenuna. Vitabu vyetu vilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya meza ya ofisini, na panya walikuwa wamekwisha kuvisoma kabla yangu.

Basi baraza la parishi liliponiambia, mwalimu, jubilei inakuja, tuandikie historia ya kanisa, nilikubali hata hawajamaliza kusema. Walutheri wa jirani walikuwa wametoa kijitabu chao mwaka uliotangulia, na kilikuwa na picha za rangi.

Kila asubuhi nilimnywesha baba uji, nikamwacha na msichana wa kazi, nikapanda ofisini. Baba naishi naye mimi. Amezeeka, kumbukumbu zimemtoka. Wadogo zangu wawili wa kiume wako Dar es Salaam na kazi yao ni kupiga simu Jumapili kuuliza kama anakula. Anakula, na anayemlisha ni mimi. Hao hata nepi ya mzee hawajawahi kuiona, lakini huko Dar wanasifiwa kwamba wanamtunza baba yao.

Kitabu cha ubatizo nilikipenda kuliko vyote. Kurasa za mwanzo ni mwandiko wa wamisionari, halafu unaingia mwandiko wa katekista wetu wa kwanza, herufi kubwa kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Kuna safu ya tarehe, jina la Kikristo, jina la nyumbani, baba, mama, wadhamini. Wazee walinieleza sheria ya zamani hapa kwetu: mtoto akizaliwa nje ya ndoa, nafasi ya baba iliachwa wazi, isipokuwa baba mwenyewe asimame mbele ya kanisa, watu wote wakimwangalia, akiri kwamba mtoto ni wake. Nafasi zilizo wazi ni nyingi. Nilizipita bila huruma, nikisema moyoni kwamba wanaume wa mlimani hawakuanza leo.

Siku moja akaja mwanamke mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri, miguu imejaa vumbi la kupanda. Akaniamkia, shikamoo mwalimu. Niliona kwamba amenizidi umri kidogo, lakini mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya meza, miwani puani, nikaitikia marahaba bila haya.

Akaeleza shida yake. Ametoka Tarakea, kule Rombo, mume wake amelazwa hospitali ya Mawenzi, Moshi mjini, na hali si nzuri. Mume ni Mkatoliki. Walichukuana tu ujanani, hawakufunga ndoa kanisani, na miaka yote hiyo mwanaume huyo alikaa benchi la nyuma, wenzake wakienda kupokea komunyo yeye anabaki anatazama viatu vyake. Sasa anaumwa, na kitu anachotaka ni kimoja: afunge ndoa, akomunike. Padre amekubali kuja hata wodini. Anachodai ni cheti cha ubatizo cha mke, na mke alibatizwa hapa kwetu akiwa mchanga, mama yake alipokuwa akichuma kahawa za watu huku.

"Hilo ni dogo, mama," nikamwambia, nikavuta kitabu. "Majina?"

Akataja la Kikristo, kisha la nyumbani. La nyumbani lilikuwa jina la bibi yangu mzaa baba. Sikushtuka, jina hilo limejaa mlimani.

"Baba?"

"Mwalimu, wewe andika vile kitabu kitakavyosema."

Nikashusha kidole ukurasa kwa ukurasa, nikampata. Jina lake, jina la mama yake wa Rombo, na nafasi ya baba haikuwa wazi. Ilikuwa na majina ya baba yangu, yote matatu mpaka la ukoo, kwa herufi zile kubwa za katekista. Tarehe ilitangulia harusi ya wazazi wangu kwa miaka miwili.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho Mchagga haelezwi. Katika ukoo wetu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba. Wa pili ndiye hupewa jina la mama wa mama. Ukisikia msichana anaitwa nani, unajua alizaliwa wa ngapi, huna haja ya kuuliza. Mimi ni binti wa kwanza na wa pekee wa nyumba yetu, na nimeitwa jina la upande wa mama. Nilipouliza utotoni, shangazi alinijibu kwamba bibi alikosana na mama yangu akakataa jina lake lisitumike. Niliamini. Nikakua nikijua kwamba bibi alinikataa. Binamu zangu waliobeba jina lake walipewa kuku, wakakalishwa karibu naye, wakaitwa somo. Mimi nilitumwa kuchota maji. Kumbe bibi hakukataa kitu. Jina lilikwisha kutolewa kabla sijazaliwa, na baba ndiye aliyelitoa, kwa mtoto aliyemhesabu wa kwanza.

Na mtoto mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu, mikono magotini, anangoja.

Nikafunga kitabu. "Humu hupo, mama," nikasema. "Labda ni kile kingine, na kile kimepelekwa mjini kujalidiwa upya. Rudi wiki ijayo."

Aliniangalia kidogo, akasema asante mwalimu, akaondoka. Uongo ule sikuupanga. Ulitoka wenyewe, tena umenyooka.

Mchana ule nilimlisha baba mtori wa ndizi. Tangu akili ianze kumpotea huwa ananiita kwa jina la mama yake, na mimi, mjinga wa watu, nilikuwa nafurahi. Niliwasimulia hata majirani: jamani, baba ananiona mimi ndiye mama yake. Siku ile aliniita jina hilo, akanishika mkono, akasema, "Umekuja." Nikakirudisha kijiko bakulini. Nikataka kumuuliza anaongea na nani, mama yake au yule wa Tarakea, lakini utamuuliza nini mtu asiyejua leo ni siku gani. Nikampangusa mdomo kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa.

Wiki iliyofuata mwanamke alirudi, na mfuko wa maharage aliyoletewa na ndugu zake kutoka nyumbani. Akasema mgonjwa anauliza kila asubuhi kama cheti kimepatikana. Nikamwambia fundi wa kujalidi bado. Nikapokea maharage. Niliyapika jioni ile, na baba, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa anatema kila kitu, akala sahani mbili akasema maharage haya ni matamu. Roho iliniuma mpaka nikatoka nje.

Usinicheke. Mtu unaweza kuona wivu hata kwa maharage.

Kesho yake nilitafuta mstari wangu mwenyewe kitabuni. Jina la baba lipo, ndiyo, alikuwa na ndoa, halikuhitaji ushujaa. Lakini mama alinisimulia tangu zamani kwamba siku ya ubatizo wangu baba hakuja kanisani. Alipeleka kahawa kwenye chama cha ushirika, mjomba ndiye aliyesimama. Kwangu alikosa nafasi, na kwa yule, kijana hajaoa, alisimama mbele ya wazee wa kanisa, mbele ya wakwe zake watarajiwa pengine, akasema huyu ni wangu. Baba yangu, mtu wa kuona haya hata kuomba chumvi. Nilijaribu kuipata sauti aliyoitumia siku ile, nikashindwa, kwa maana mimi sijawahi kuisikia.

Nilichukua wembe. Wino wa zamani hukwanguka, ukiwa na mkono mwepesi. Niliuweka wembe juu ya herufi ya kwanza, na kilichonizuia hakikuwa dhamiri, tusidanganyane. Karatasi ilikuwa nyembamba, ingetoboka, na siku ya jubilei mtu angeuliza tundu hili la nini.

Nikaanza kuwaza kwa akili ya mwalimu. Huyu anataka nini? Karatasi. Akiipata atarudi Tarakea kwake, hatakanyaga huku tena, nami nitabaki na baba yangu. Dawa ya kumwondoa ni kumpa. Alhamisi nikaandika cheti, kila safu, jina la bibi, jina la baba. Kasisi akasaini bila kusoma, kama anavyosaini kila kitu ninachompelekea, nikagonga muhuri. Halafu nikakumbuka kwamba sina namba ya simu ya mwanamke yule. Sikumwomba. Kutoka kwetu mpaka Mawenzi si safari, mtu unashuka asubuhi na saa nne umekwisha kurudi. Ijumaa nikasema nitashuka, nikapalilia bustani ya kanisa. Jumamosi nikasema ni siku ya kufua. Jumatatu nikasema mwenye shida atakuja mwenyewe, cheti ni chake, mimi si tarishi.

Alikuja wiki iliyofuata. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani, na safari hii hakukaa.

"Mwalimu, nimekuja kukuambia usihangaike tena na kile kitabu," alisema. "Mzee tulimzika Jumamosi. Nimekuja Moshi kumalizia karatasi za hospitali, nikaona si vizuri nikuache unatafuta bure."

Nikauliza, kwa sauti ambayo sikuijua, kama padre alifika.

"Alifika. Alimpaka mafuta, alimzika vizuri. Ndoa ndiyo hatukuwahi."

Nikavuta droo, nikamwekea cheti mezani. Hakukigusa, alikisoma pale pale kikiwa kimelala, mpaka mwisho. Tarehe niliyoandika chini ilikuwa ya Alhamisi, siku tisa kabla ya Jumamosi ile. Niliona macho yake yamefika pale na kusimama.

"Pole," nikasema. Halafu nikasema ukweli. "Kile kitabu hakikwenda kwa fundi, dada. Kilikuwa hapa hapa."

"Najua," alisema. "Siku ya kwanza nilikuwa nimekaa hapo. Kidole chako kilisimama kwenye mstari. Jina langu nalisoma hata likiwa kichwa chini."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini? Nilijua wewe ni nani kabla sijapanda huku. Nilimwambia mzee, ameona, ameumia, acha apoe. Ni mdogo wangu, ataandika tu."

Sikuwa na mahali pa kuweka macho. Nilitaka kumpa kitu, chochote, na kitu pekee nilichokuwa nacho ni kile nilichokuwa namficha.

"Baba yuko nyumbani," nikamwambia. "Hatoki tena. Si mbali, twende ukamwone."

Hakukasirika, ningemshukuru kama angekasirika.

"Mimi nilikuambia mume wangu yuko Mawenzi," alisema. "Hukuniuliza hata wodi."

Akanyoosha kitenge chake, akaniaga vizuri kwa adabu, akakiacha cheti mezani. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikamtazama akishuka kati ya migomba. Ningependa kuandika kwamba nililia, au kwamba nilimkimbilia. Jambo la kwanza lililoniingia moyoni, na Mungu alikwisha kulijua kabla sijaliandika, ni kwamba hatakuja nyumbani, baba nimebaki naye peke yangu. Nikashusha pumzi.