Kofia ya Mpimaji Damu

Mwaka wa sitini na mbili, mpimaji damu wa zahanati yetu ya Changamwe alikuwa mtu wa msimamo. Tena hakuridhika na mmoja, alikuwa nayo mitatu. Kwao Timbwani alivaa kofia ya vito, ile ya kiungwana iliyotobolewa kwa sindano, akadai Mwambao ujitawale, usitiwe pamoja na bara. Akipanda feri huivua, huikunja mara nne, huitia mfukoni. Mbele ya daktari Mzungu alikuwa “ndiyo bwana” tupu, na kwa makuli wa bara, “ndugu zangu, uhuru!” Vidole vyake havikuacha kuupapasa ule mfuko.

Asubuhi moja Bi Mwanasiti, jirani yake wa Timbwani, alimleta mwanawe anayekohoa vumbi la kiwandani. Mpimaji akamsomesha habari za chembe nyeupe.

“Chembe hii ikiwa kwenye damu ni askari, bibi. Ikiingia pafuni huwa mfagiaji, hula vumbi. Ikiingia kwenye ini huwa kitu chengine kabisa. Haina asili!” Akacheka.

“Hiyo hubadilika ikafanya kazi, mwanangu,” akasema Bi Mwanasiti. “Wewe leo kwenye feri nimekwita kwa jina la babako, hukuitika.”

Mpimaji akainamia hadubini, akatazama kwa makini sana. Chini ya lenzi hapakuwa na kitu.